Mume wangu aliacha kubeti, sasa anataka tukasherehekee Las Vegas

Shangazi, assalaam aleikum, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 14 na mdogo wake ana 9. Kwetu ni Lamu, ila tunaishi Columbus, Ohio, kwa miaka mingi sasa. Mume wangu anaendesha malori. Ni mtu mpole, anachapa kazi, na nyumbani hakosi kitu anachoweza kukileta. Mwezi wa Julai atatimiza miaka 40, na marafiki zake wameamua sherehe ifanyike Las Vegas. Wameshaanza kutafuta tiketi.

Tatizo langu ni hili. Zamani mume wangu alikuwa mtu wa kubeti. Alianza na mikeka ya mpira, mia leo, mia kesho, hadi siku moja nikakuta pesa za chama, ambazo mimi ndiye mweka hazina, hazipo. Nilizirudisha kidogo kidogo kwa kufanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na wenzangu wa chama hawajui mpaka leo. Yeye alilia, akafuta programu zote kwenye simu mbele yangu, akaenda kwa imamu. Tangu hapo sijamwona akigusa tena.

Sasa mavyaa wangu anakuja Juni, atakaa nasi karibu miezi sita. Yeye kwenye televisheni aliona lile bonde la Grand Canyon, na ameshasema akifika Marekani hilo ndilo analotaka kuliona kwa macho yake. Basi mume wangu amepata hoja. Anasema tutaunganisha: mama aone bonde, watoto waogelee hotelini, na yeye jioni akae na wenzake saa mbili tatu. "Nitatazama tu," aliniambia. Nikanyamaza. Lakini wiki iliyopita tulipokuwa tukipanga bajeti alisema tutenge dola 1,500 "za kuchangamka". Usiku ule sikulala.

Mavyaa hajui chochote kuhusu mambo ya kamari. Ni mtu wa dini, goti lake la kulia linamsumbua, na ana pumu. Nikikataa safari nitaonekana nimemharibia mwanawe sherehe na nimemnyima yeye bonde lake. Nikikubali, naona kama nampeleka mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Shangazi, twende au tusiende? Kuna mtu anayeweza kwenda mji ule bila kuingia kwenye kasino? Na hilo joto la Julai la jangwani, mama mwenye pumu ataliweza?

Mama wa Wawili,
Columbus, Ohio

Waaleikum salaam, mwanangu. Marahaba.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, na kila nikiisoma jicho langu linatua kwenye zile dola 1,500. Mtu anayekwenda kutazama hatengi pesa ya kutazamia. Sisemi mumeo amekudanganya. Naamini alipokwambia atatazama tu alikuwa anaamini mwenyewe. Lakini sehemu ya moyo wake imeshakaa mezani, imeshahesabu pesa, na ilijitokeza yenyewe mlipokuwa mkiandika bajeti. Wewe uliisikia, ndiyo maana hukulala. Usiruhusu mtu akwambie una wivu au una shaka ya bure.

Ili uelewe kwa nini kiasi hicho ni kikubwa kuliko kinavyoonekana, tazama meza moja tu, ya ruleti. Gurudumu la Kimarekani lina vijishimo 38: namba 1 hadi 36, sufuri, na sufuri mbili. Ukiweka dola moja kwenye namba yako ikatoka, unalipwa 35. Kwa haki ulipaswa kulipwa 37. Tofauti hiyo ndiyo inayolipia taa zote zile: katika kila dola 100 zinazowekwa mezani, kasino hubaki na wastani wa dola 5 na senti 26. Siku hizi ziko meza zenye sufuri tatu, na hizo hula zaidi. Ila shika neno "zinazowekwa". Mchezaji haweki 1,500 mara moja akaondoka. Anaweka kumi, anashinda, anaweka tena, pesa ile ile inazunguka usiku kucha, na kila inapozunguka inakatwa. Watu hupoteza zote huku wakikumbuka vizuri kabisa zile mara walizoshinda.

Mumeo anayajua haya kwa hasara, kwa hiyo usipoteze muda kumfundisha hesabu. Wala usimsomee aya ya 90 ya Surat Al-Maida, ile inayokataza kamari. Anaijua kama unavyoijua, na mtu anayejua haramu kisha akairudia ameshajichapa vya kutosha. Uraibu wa kamari ni ugonjwa. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameuweka katika kundi moja na ulevi na dawa za kulevya, kwa sababu tabia yake inafanana: mtu anaweza kukaa salama muda mrefu, kisha mahali, harufu, mlio, au rafiki wa zamani akaamsha yote kwa dakika. Mlevi aliyeacha pombe huwezi kumfanyia sherehe ya miaka 40 kwenye baa, hata kama ameahidi atakunywa soda.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi hukosea. Ukizuia safari peke yake hujamlinda. Kubeti michezo kumekuwa halali Ohio tangu tarehe 1 Januari 2023. Kasino mumeo analala nayo mfukoni, kwenye simu ile ile anayopokea mizigo. Kama amekuwa salama muda wote huu, ni yeye mwenyewe aliyejizuia, si umbali wa Nevada. Hiyo ni heshima yake na inafaa umwambie hivyo. Usianze na "najua unataka kurudia". Anza na alichokifanya vizuri, kisha ulete zile dola.

Mimi ningemkuta siku ambayo hana safari ya lori, watoto wamelala, simu zote ziko mbali, nikamwambia hivi: "Baba fulani, najua ulivyopigana na jambo hili na sikukushukuru inavyotakiwa. Uliposema tutenge 1,500 niliogopa. Sitaki kuwa askari wako. Nataka wewe uniambie, ukiwa umesimama pale na wenzako wanacheza, itakuwaje?" Kisha unyamaze. Hata akikaa kimya dakika kumi, usimjazie jibu. Kama atasema kwa kinywa chake kwamba hawezi, mmeshafika mbali. Kama atakasirika, usibishane usiku huo. Mwambie swali linamngoja, na pesa hiyo haitengwi mpaka lijibiwe.

Kuna msaada nje ya nyumba yenu pia. Gamblers Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha kamari, ilianza Los Angeles mwaka 1957, vikao vyake ni vya bure, huulizwi jina kamili, na viko hata kwa njia ya intaneti, jambo linalomfaa dereva ambaye leo yuko Indiana na kesho Tennessee. Iko pia namba ya simu ya 1-800-GAMBLER, siri, bila malipo, na mke anaweza kupiga hata kama mume bado hajataka. Piga wewe kwanza. Umebeba jambo hili peke yako kwa muda mrefu mno, mwanangu. Ulifanya zamu za usiku kulipa deni ambalo hukulikopa, ukarudi kwenye chama ukakaa na wenzako kama kawaida. Hilo si jambo dogo, na sidhani kuna aliyewahi kukwambia pole. Pole sana.

Kuhusu mavyaa, siri ile ni ya mwanawe. Kama ataamua kumwambia mama yake, amwambie yeye. Wewe usiitumie kama silaha ya kushindia ubishi wa safari, hata ukisukumwa ukutani, kwa sababu mama akilisikia kutoka kwako atamtetea mtoto wake, na ugomvi utahama kutoka kwenye kamari uje kwenye ukwe. Lakini mtu mmoja zaidi lazima ajue, na awe ni miongoni mwa hao marafiki. Mumeo amchague mmoja anayemheshimu, amwambie: "Mimi nilikuwa na tatizo na kamari, siwezi kwenda kule." Sentensi hiyo ni nzito kuitamka, lakini ikishatoka sherehe inahama yenyewe. Rafiki wa kweli akiisikia hatashikilia tiketi.

Julai basi, Las Vegas hapana. Hata pasingekuwa na kamari ningekwambia hapana, kwa ajili ya mama. Tarehe 7 Julai 2024 mji ule ulipima nyuzi 48.9 za Selsiasi, rekodi yake ya juu kabisa, na Julai ya kawaida tu mchana hufika 40. Sisi watu wa pwani tunadhani joto tunalijua. Joto letu lina unyevu na upepo wa bahari. Lile ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu huishiwa maji mwilini bila kuhisi kiu. Kila kiangazi watu hufia kwenye njia za matembezi za jangwa lile, wengine wakiwa vijana wenye afya. Mama mwenye pumu na goti bovu hatoki hotelini mchana wa Julai, na akibaki hotelini ndiyo kusema mmempeleka kasino.

Kwa sababu hoteli kubwa za kule ndivyo zilivyojengwa. Kutoka lifti hadi mlango wa nje, kutoka chumbani hadi chai ya asubuhi, unapita katikati ya mashine za kamari. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 21 kucheza au kuzubaa pale, kwa hiyo watoto wako watakuwa wakiharakishwa kila wapitapo. Na moshi wa sigara: Nevada ina sheria ya kuzuia uvutaji ndani ya majengo tangu 2006, lakini ukumbi wa kasino umeachwa nje ya sheria hiyo. Fikiria pumu ya mama yako kwenye njia hiyo mara nne kwa siku.

Haya, nawe umeniuliza kama kuna mtu anayeweza kwenda bila kuingia kasino. Yuko, na ni wengi kuliko unavyodhani. Wakwea miamba hutoka dunia nzima kwenda kule na hawajui hata ruleti inafananaje. Kwangu mimi jibu la barua yako ni hili: mama apelekwe jangwani, mwezi mwingine, na mji mpite pembeni. Ila mpango huu ufuate yale mazungumzo, usiyatangulie. Kama mumeo atasema bado hajiamini kuwa hata karibu na mji ule, basi Grand Canyon inafikika kwa kushukia Phoenix, Arizona, na kupanda kaskazini kwa gari, msiione Las Vegas kabisa. Mwulize yeye. Asiwekewe mtihani ambao hakuuomba.

Akisema anaweza, chukueni ile wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, ya Novemba. Watoto hawana shule, na mama atakuwa bado yupo. Mchana jotoridi hucheza kwenye nyuzi 18 au 20, hali ya hewa ambayo mama atavaa sweta na kuifurahia. Angalieni tu kalenda ya mbio za magari za Formula 1: tangu 2023 hufanyika barabarani kule kule mjini siku za Novemba, na siku hizo hoteli hupanda bei na barabara hufungwa. Jua nalo huzama mapema, karibu saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo toka asubuhi.

Laleni upande wa magharibi wa mji, Summerlin, au kusini mashariki, Henderson, kwenye hoteli ya kawaida isiyo na kasino, au kodini nyumba yenye jiko. Mama atapika, ataswali kwa utulivu, na mumeo hatapita mashine akienda kuchukua barafu. Nisikufiche, kuziepuka kabisa haiwezekani. Utaziona uwanja wa ndege mara tu mkitoka kwenye ndege, na katika Nevada zimo hadi kwenye maduka ya vyakula na vituo vya mafuta. Mafuta mlipie kwenye pampu, dukani uingie wewe. Kadi za benki akae nazo nani, hilo mlipange pamoja kabla ya kuondoka, na yeye ndiye apendekeze.

Siku ya kwanza nendeni Red Rock Canyon, kilomita 27 hivi magharibi ya ile barabara ya makasino. Ninapaweka mbele kwa sababu ya goti la mama. Iko barabara ya lami ya kilomita 21, ya kwenda upande mmoja tu, inayozunguka chini ya miamba. Unasimamisha gari, unashuka, unatazama, unapanda, unaendelea. Kutoka Oktoba hadi mwisho wa Mei lazima uwe umeshika nafasi mapema kwa intaneti, kwa saa maalumu ya kuingia. Familia nyingi hufika getini bila nafasi wakarudishwa. Kituo cha kwanza ni Calico Hills. Pale miamba ni myekundu, na ukisogea karibu utaona mistari ya mshazari imepishana: ni vilima vya mchanga vya zama za mijusi wakubwa, upepo ulivipanga safu kwa safu, vikagandamana vikawa jiwe. Kisha inua macho juu kwenye safu ya milima. Kule kileleni jiwe ni la kijivu, chokaa iliyotengenezwa chini ya bahari, na ni kongwe kuliko jekundu lililo chini yake. Nguvu za ardhi zililisukuma jiwe la zamani likapanda juu ya jipya. Mwambie mama kwamba kijivu kile kilikuwa bahari. Mtu aliyekulia kwenye nyumba za mawe ya matumbawe atalishika jambo hilo haraka kuliko kijana wako wa miaka 14.

Na mama wa Lamu atafurahishwa na kingine. Upande ule, hasa karibu na kijiji cha Blue Diamond, kuna punda wa porini. Watu walioleta mizigo na kuchimba madini waliwaacha, wakazaana, na tangu 1971 wanalindwa na sheria ya nchi. Wanasimama kando ya barabara wakitafuna vichaka vikavu, masikio yamesimama, hawana tandiko wala mtu wa kuwaita. Msiwape chakula, ni kosa, na ndicho kinachowaleta barabarani wakagongwa. Kaeni ndani ya gari, mfungulie mama kidirisha.

Siku nyingine iende Valley of Fire, kilomita kama 80 kaskazini mashariki. Ni hifadhi ya jimbo, ya zamani kuliko zote Nevada, na wekundu wake unapita wa Red Rock. Kuna mwamba unaoitwa Atlatl Rock wenye ngazi za chuma, na juu yake michoro iliyochongwa na wenyeji wa kale: kondoo wa milimani, duara, watu. Baadhi ya michoro ya eneo lile inakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kama ngazi zitamshinda mama, abaki chini na mtu mmoja. Kuna njia fupi ya mchanga kwenye Mouse's Tank ambako michoro iko kwenye kuta za pande zote mbili, na hatua chache tu zinatosha kuiona. Watoto wasiiguse, mafuta ya vidole huiharibu. Simu haishiki vizuri kule, kwa hiyo pakua ramani kabla, na maji wekeni mengi garini, lita nne kwa kila mtu kwa siku.

Bwawa la Hoover Dam liko njiani kuelekea Arizona, mwendo wa chini ya saa moja. Yule mkubwa wako atapenda. Ukuta una urefu wa mita 221 kwenda juu, ujenzi ulianza 1931, mwaka ule ule Nevada ilipohalalisha kamari, na Rais Roosevelt aliuzindua 1935. Tazameni ziwa lililo nyuma yake, Lake Mead: kwenye miamba kuna mkanda mweupe, alama ya mahali maji yalipofika zamani. Mji wa Las Vegas hupata takriban asilimia 90 ya maji yake kutoka mto wa Colorado, ambao ukuta huu umeuzuia, na mkanda ule unaonyesha ni kiasi gani yamepungua. Mtu wa Lamu anayejua kungoja maji ya kisima ataelewa bila kuelezwa.

Sasa bonde lenyewe, na hapa watu wengi hudanganyika na matangazo. Grand Canyon inayouzwa zaidi pale Las Vegas ni upande wa magharibi, karibu kilomita 200. Ardhi ile ni ya kabila la Hualapai, wana kiingilio chao kwa kila mtu, na pasi ya hifadhi za taifa haitumiki. Ndipo palipo na ile njia ya kioo ya Skywalk iliyofunguliwa 2007. Ni pazuri, na mnaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini alichokiona mama kwenye televisheni, ule upana unaokwenda hadi macho yashindwe, uwezekano mkubwa ni ukingo wa kusini, ndani ya hifadhi ya taifa, karibu kilomita 450 kutoka Las Vegas. Kwenda tu ni zaidi ya saa nne. Msimfanyie mama safari ya saa tisa garini kwa siku moja. Goti litavimba na atafika amechoka asione kitu. Laleni usiku mmoja Williams au Tusayan, miji midogo ya upande ule. Ukingo ule uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Novemba ni baridi na theluji inaweza kuanguka, kwa hiyo koti zito, na dawa ya pumu mkononi, si kwenye begi la nyuma. Faida yake ni kwamba sehemu ndefu ya njia ya ukingoni ni tambarare, ina mabenchi, na mabasi ya hifadhi ni ya bure.

Jambo moja la pesa: kuanzia Januari 2026 wageni wasio wakazi wa Marekani, wenye miaka 16 na zaidi, huongezewa dola 100 kila mmoja kwenye hifadhi 11 za taifa, na Grand Canyon na Zion zimo. Mama yumo kwenye kundi hilo. Ukaguzi wa ada ufanyeni kwenye tovuti ya hifadhi yenyewe kabla ya kufunga safari. Mimi ningelipa bila kusita. Ndilo jambo pekee aliloomba. Red Rock na Valley of Fire haziko chini ya ada hiyo.

Hifadhi nyingine za upande ule, Zion na Death Valley, ziacheni safari hii. Zote nzuri, lakini mama hatakuwa na miguu ya kuzimaliza.

Jioni za mjini zisikutishe. Las Vegas ina jamii kubwa ya Waethiopia, na migahawa yao iko mbali na ile barabara ya makasino. Mtakula injera, ule mkate wao mpana mwembamba, na mchuzi wa kuku pamoja, mkono mmoja sinia moja, na mama hatajiona mgeni. Msikiti pia upo, zaidi ya mmoja. Kuhusu zile chemchemi za hoteli ya Bellagio zinazocheza na muziki, zinaonekana bure kutoka barabarani. Watoto wataziomba. Mwachie mumeo aamue, na akisema tusiende, mtetee mbele ya watoto bila kueleza sababu.

Na Julai? Julai ni miaka 40 ya mtu mwema na isipite kimya. Mpikieni biriani hapo hapo Columbus, mama yake awe ndiye msimamizi wa sufuria, waiteni marafiki wale wale waje na familia zao. Zile dola 1,500 ziandikeni kwenye safari ya Novemba, kwa jina: usiku wa Tusayan, gari la kukodi, kiingilio cha mama.

Lakini tiketi zimeshaanza kutafutwa, kwa hiyo usingoje mavyaa afike. Zungumza na mumeo wiki hii, na ukishamaliza naye, ampigie yule rafiki siku hiyo hiyo, wewe ukiwa umekaa karibu naye.

Shangazi